Strimu laki moja, hela iko wapi? Mwongozo wa kuhesabu mrabaha wako mwenyewe

Nimechoka kujibu hili swali inbox moja moja kwa hiyo naandika mara moja hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. Swali lenyewe liko hivi (strimu ni kila mara wimbo unaposikilizwa kwenye apu ya muziki kama Spotify): "kaka nina strimu laki moja na ushee, mbona kwenye akaunti kuna elfu thelathini?" Wengine wanauliza kwa upole, wengine wanakuja wameshavimba, wanajua kabisa kuna mtu kawapiga. Na wapo waliopigwa kweli, nitafika huko, ila wengi hawajapigwa na mtu, walijipiga wenyewe siku ile ya kupandisha wimbo, saa sita usiku, kwa haraka, kwa simu yenye chaji asilimia nne.

Mimi siyo mwanasheria wala mhasibu. Napandishia watu nyimbo, nilianza na za washkaji pale studio sasa imekuwa kama kazi, na ripoti za mapato nimezisoma nyingi kuliko magazeti. Kwa hiyo hii ni ya mtu anayeanza, ana wimbo mmoja au mitano, hana lebo, hana meneja, anataka kujua strimu zake zinageukaje kuwa hela.

Kabla hujaanza uwe na hivi vitu

- Barua pepe yako mwenyewe. Siyo ya prodyuza, siyo ya shemeji, na siyo ile uliyofungua kwenye simu iliyoibiwa Kariakoo ukasahau neno la siri.
- Kitambulisho cha NIDA, au cha nchi yako kama uko Kenya au Uganda. TIN kama unayo ni vizuri.
- Njia ya kupokea hela kutoka nje: akaunti ya benki inayopokea dola, au Payoneer. Jina liwe sawasawa na la kitambulisho, herufi kwa herufi.
- Wimbo kwenye WAV, yaani faili la sauti ambalo halijabanwa. MP3 uliyotumiwa WhatsApp usiipandishe tafadhali.
- Kava la mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala nembo ya Instagram, hayo wanakataa.
- Majina ya kwenye kitambulisho ya kila aliyeshiriki. "Dogo wa gitaa" siyo jina.
- Daftari au Excel, yoyote uliyoizoea.

Nadharia kidogo tu halafu tunaanza

Spotify na wenzake wengi hawana bei ya strimu. Ukiona mtu mtandaoni kaandika "strimu moja ni senti kadhaa" jua kachukua hela iliyolipwa akagawanya kwa strimu, hayo ni matokeo, siyo bei iliyobandikwa ukutani. Kinachofanyika ni mfuko: hela za wateja wanaolipia na za matangazo zinakusanywa, apu inabaki na fungu lake (Spotify wanabaki na karibu theluthi, theluthi mbili inaenda kwa wenye haki), halafu kinachobaki kinagawanywa kwa kuangalia wewe umesikilizwa mara ngapi ukilinganisha na wote waliosikilizwa mwezi ule. Ni sinia la pilau la shughuli, unalopata linategemea na ukubwa wa sinia na idadi ya mikono, siyo njaa yako peke yako.

Haya, kazi.

Hatua ya 1. Jua kwamba wimbo wako ni mali mbili

Kuna masta, yaani ile rekodi iliyotoka studio. Na kuna utunzi, yaani mashairi na melodi. Strimu moja inalipa zote mbili ila hela zinapita njia tofauti kabisa, na hapa ndo watu wengi wanapoteza bila kujua. Distribyuta wako, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako kwenye apu (DistroKid, TuneCore, CD Baby na wengine), anakuletea hela ya masta. Ya utunzi haimo humo, isipokuwa umejisajili kando na huduma yake ya pablishingi (kukusanya hela ya utunzi), kama anayo, ambayo mara nyingi ni malipo mengine.

Kwa hiyo kama wewe ndo uliyeandika wimbo na ndo mwenye rekodi, una mifuko miwili. Kama umerekodi upya wimbo wa zamani wa mtu, rekodi ni yako lakini mfuko wa utunzi ni wa mwenyewe au warithi wake, na ruhusa unatakiwa kuomba.

Hatua ya 2. Andikianeni mgawo kabla wimbo haujatoka

Hii hatua nitakaa nayo kidogo maana ugomvi wote naouona unatoka hapa.

Kuna jamaa wawili walirekodi usiku kucha na prodyuza, asubuhi tuko nje tunakunywa chai na chapati, nikawaambia andikeni sasa hivi kabla hamjaondoka. Hakuna karatasi. Tukaandika nyuma ya risiti ya duka la simu kwa kalamu ya mama wa chapati: wa kwanza 50, wa pili 30, prodyuza 20, majina kamili, namba za vitambulisho, sahihi tatu, tarehe. Nikapiga picha nikaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp. Miezi saba baadae wimbo umeshika kidogo, mmoja anasema yeye aliahidiwa nusu. Nikaitafuta ile picha, ina doa la chai kwenye kona, nikaituma tena palepale. Akanyamaza, na bado wanafanya kazi pamoja mpaka leo.

Andikeni migawo miwili, mmoja wa masta na mwingine wa utunzi, sababu aliyepiga gitaa anaweza kuwa na fungu kwenye rekodi lakini hajaandika hata mstari. Kila mgawo ujumlishe 100 kamili. Siyo 95, siyo 110 (nimeona 110, ndiyo).

Angalizo la biti: ukinunua biti ya bei rahisi mtandaoni mara nyingi umekodi, hujanunua. Soma ile leseni. Nyingi zina kikomo cha strimu, na karibu zote zinakukataza kuuweka wimbo kwenye Content ID ya YouTube (mfumo unaotambua wimbo kwenye video za watu na kudai hela yake) kwa sababu biti hiyohiyo wamekodi watu wengine arobaini. Ukiiweka unaanza kuwadai wenzako, halafu wanakugeuzia kibao.

Hatua ya 3. Chagua distribyuta kwa kupiga hesabu, siyo kwa kumwangalia staa anayemtumia

Wako wa aina mbili kwa ujumla. Wa ada ya mwaka, kama DistroKid, unalipa kila mwaka na asilimia 100 ya mapato ya kawaida ya strimu ni yako. Na wa komisheni, kama CD Baby ambao unalipa mara moja wakati wa kutoa wimbo halafu wanakata asilimia 9. Wapo pia wanaopokea bure halafu wanakata 15 au zaidi.

Kama wimbo wako utaingiza dola 6 kwa mwaka, ada ya dola 20 na kitu ni hasara tupu, bora komisheni. Kama unatoa nyimbo kumi kwa mwaka na zinasikilizwa, ada ya mwaka inakulipa. Ndo hivyo tu, hamna siri nyingine.

Angalizo: kwa wale wa ada ya mwaka, soma nini kinatokea ukiacha kulipa. DistroKid ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kushushwa, isipokuwa umelipia nyongeza yao ya kuuacha wimbo ubaki. Mtu anatoa wimbo, mwaka unapita, kadi haina hela, wimbo unapotea halafu ananipigia "wameniblock".

Angalizo lingine: Audiomack unaweza kupandisha mwenyewe moja kwa moja. Ukishafanya hivyo na distribyuta naye akaupeleka kule, unakuwa na wimbo uleule mara mbili na strimu zimegawanyika. Chagua njia moja.

Hatua ya 4. Jaza metadata (taarifa za wimbo) kama unajaza fomu ya pasipoti

Jina la msanii liandikwe vilevile kila siku. Kosa hili nimelifanya mwenyewe: wimbo wa pili wa dogo mmoja niliandika jina lake na herufi moja imezidi, nilikuwa na usingizi. Apu zikamfungulia ukurasa wa pili, kama mtu mwingine kabisa. Tulipogundua tukaushusha tukaupandisha upya, na hapo nikafanya kosa la pili, sikuingiza ISRC (namba ya utambulisho wa wimbo) ya mwanzo, distribyuta akatoa mpya. Ikahesabika kama nyimbo mbili, moja na strimu 700, nyingine 600. Na Spotify tangu mwanzo wa 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita haulipwi hela ya rekodi, hela hiyo inagawiwa nyimbo nyingine. Kwa hiyo 1,300 zote, sifuri. Nilimlipa dogo kwa kumpandishia wimbo uliofuata bure na bado ananikumbusha.

ISRC ni namba ya wimbo, tarakimu na herufi 12, kila rekodi ina yake. Ikopi kwenye daftari siku ileile. Ukihama distribyuta unahama nayo, hivyo strimu za zamani zinabaki na wimbo wako.

Kwenye sehemu ya watunzi weka majina ya kwenye kitambulisho, siyo majina ya jukwaani. Ndiyo yanayotafutwa na wanaogawa hela ya utunzi.

Hatua ya 5. Dai kurasa zako

Spotify for Artists, Apple Music for Artists, na kule kwingine unakosikilizwa sana, kwa wengi wetu huku ni Boomplay na Audiomack. Ni bure. Usimpe mtu hela "akuverifaye". Humo unaona strimu kila siku, nchi, miji. Ila kumbuka, hizi dashibodi zinaonyesha usikilizwaji, hela haimo. Hela iko kwenye ripoti ya distribyuta peke yake.

Hatua ya 6. Subiri, halafu soma ripoti mstari kwa mstari

Strimu za Januari usizitafute Februari. Kawaida zinakufikia baada ya miezi 2 au 3, sababu apu inafunga mahesabu, inamlipa distribyuta, naye anagawa. Mtu anayeangalia salio kila asubuhi wiki ya kwanza anajitesa.

Ripoti ikija ipakue yote, usiangalie ile namba kubwa ya juu tu. Fungua kwenye Excel, tafuta safu hizi: mwezi wa mauzo, apu, nchi, ISRC, idadi, mapato. Halafu ipange kwa nchi. Hapa ndo macho yanafunguka. Ripoti moja niliyokaa nayo na mwenyewe pembeni, Tanzania ilikuwa na strimu 9,000 na kitu, Marekani 700 tu, na hela za pande mbili zilikaribiana. Jamaa akauliza mara tatu kama nimesoma vizuri.

Sababu ni ileile ya sinia. Kila nchi ina sinia lake, na wanaolipia wana lao tofauti na wanaosikiliza bure kwa matangazo. Marekani kifurushi cha mtu mmoja Spotify kimevuka dola 11 kwa mwezi, huku kwetu bei ni ndogo mara kadhaa na wengi wako kwenye bure. Apple Music haina ya bure kabisa, na 2021 waliwaandikia wasanii kwamba kwa wastani strimu moja inalipa kama senti 1 ya dola, ila soma vizuri, hiyo ni kabla lebo, distribyuta na watunzi hawajakata zao.

Kwa hiyo yule shangazi wa Muscat au binamu wa Minneapolis anayelipia kila mwezi, mtumie linki ya wimbo kabla hujamtumia mtu mwingine yeyote. Siyo utani.

Hatua ya 7. Piga hesabu mwenyewe

Namba hizi nimezibuni ili zigawanyike vizuri, usizinukuu popote.

Tuseme mwezi mmoja, nchi moja, hela ya masta kwenye sinia la wanaolipia ni shilingi milioni 150. Strimu zote za mwezi ule ni milioni 50. Za kwako 20,000.

20,000 gawa kwa 50,000,000 ni asilimia 0.04. Asilimia 0.04 ya milioni 150 ni 60,000. Ukigawa kwa strimu zako ni shilingi 3 kila moja.

Mwezi unaofuata kuna staa katoa albamu, strimu zote zimepanda mpaka milioni 75, hela ya sinia ni ileile. Wewe bado una 20,000 zako. Sasa unapata 40,000. Hujashuka hata kidogo, mashabiki wako ni walewale, hela imepungua theluthi. Ndo maana ripoti zinapanda na kushuka, hakuna mtu kachezea akaunti yako.

Turudi kwenye ile 60,000. Distribyuta anakata 15, yaani 9,000, inabaki 51,000. Prodyuza ana 20, anachukua 10,200. Uliyemshirikisha ana 25, anachukua 12,750. Wewe una 55, unapata 28,050. Bado hujalipa makato ya kutoa hela.

Yaani strimu elfu ishirini, elfu ishirini na nane mkononi. Ukiwa na lebo iliyokukopesha hela ya video, basi na hiyo 28,050 inaweza kuishia kulipa deni, na ripoti inasoma sifuri miezi na miezi mpaka deni liishe. Uliza neno "rikupu", yaani hilo la kukatwa mpaka deni liishe, kabla hujasaini chochote. Uliza kwa sauti.

Fomula ya kuandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza:

(strimu zako ÷ strimu zote za sinia lile) × hela ya sinia, toa komisheni, zidisha kwa fungu lako la masta.

Strimu zote na hela ya sinia huzioni wewe, wanazo wao. Komisheni na fungu lako ulizisaini mwenyewe, kwa hiyo hizo ndo za kupigania.

Hatua ya 8. Fuata hela ya utunzi

Tanzania sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kazi unaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na siku hizi kukusanya na kugawa mirabaha kumeachiwa kampuni maalumu, kwa muziki ipo TAMRISO. Hii hasa ni hela ya redio, baa, mabasi, kumbi. Kenya msimamizi ni KECOBO, na kabla hujajiunga na chama chochote cha kukusanya ingia kwanza uone nani ana leseni ya mwaka huu, maana kule leseni zimegombaniwa mpaka mahakamani. Uganda chama cha kukusanya ni UPRS.

Kwa strimu za Marekani kuna The MLC, walianza kazi kamili Januari 2021 na kujiunga ni bure. Wanagawa hela ya utunzi ya strimu na dauniloadi za kule. Mwaka ule ule walipoanza walikabidhiwa na apu dola milioni 424 za nyuma ambazo hazikujulikana ni za nani, kwa sababu ya majina yaliyojazwa hovyo, hiyo hatua ya 4 niliyokupigia kelele. Kama hutaki kujisajili nchi moja moja, kuna mawakala wa pablishingi kama Songtrust wanaokusanya sehemu nyingi kwa komisheni. Kwa wimbo wenye strimu elfu mbili usijisumbue na wakala, kwa wenye laki na kuendelea na wasikilizaji wa nje, fanya.

Hatua ya 9. YouTube ihesabu peke yake

Vyuu vya YouTube (mara video ilipotazamwa) na strimu ni vitu tofauti, usivijumlishe. Kuna njia tatu za hela pale na kila moja inakuja kivyake: matangazo kwenye chaneli yako, YouTube Music kupitia distribyuta, na Content ID pale watu wengine wanapotumia wimbo wako kwenye video zao.

Chaneli ili ilipwe matangazo inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au vyuu milioni 10 vya Shorts (video fupi) ndani ya siku 90. Ukikubaliwa unapata asilimia 55 ya matangazo ya video za kawaida na 45 kwa Shorts, na hela inatoka ikifika dola 100. Kinachowachanganya watu: ukiruhusu Content ID kwa distribyuta halafu hukumwambia aiache chaneli yako, anadai video yako wewe mwenyewe, hela inapita kwake anakata kwanza. Mwandikie wakuweke kwenye orodha ya chaneli zisizoguswa.

Hatua ya 10. Toa hela

Angalia kiwango cha chini cha kutoa na makato. Kutoa dola 12 wakati makato ni dola 5 ni kuchoma hela, acha zijae. Distribyuta wa Marekani atakuletea fomu ya kodi, kwa mtu binafsi asiye Mmarekani ni W-8BEN. Ijaze, usiiruke. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani kwa hiyo watakata asilimia 30, lakini ya ile hela iliyotoka kwa wasikilizaji wa Marekani tu. Usipoijaza wanaweza kukata zaidi ya hapo au kukushikia zote.

Hela ikiingia, wagawie wenzako wiki hiyohiyo na uwatumie ripoti yenyewe, siyo sentensi "hela ni hii". Distribyuta wengine wana sehemu ya kugawa moja kwa moja ndani ya akaunti, itumie, inaokoa urafiki.

Strimu za kununua, hapana

Nimeweka kando kwa sababu inaulizwa kila wiki. Jamaa anakuuzia strimu elfu kumi kwa elfu ishirini. Piga hesabu ya hatua ya 7 uone kama hata zikilipwa zinarudisha. Na hazilipwi. Apu zinaona roboti, zinafuta strimu, na Spotify wanamtoza faini distribyuta kwa kila wimbo wenye strimu bandia nyingi, naye anaikata kwako au anakufungia akaunti na zile halali humohumo. Vilevile kuweka simu sita usiku kucha zinapiga wimbo mmoja bila sauti, hiyo nayo inaonekana. Na kusikiliza chini ya sekunde 30 Spotify haihesabu kabisa, kwa hiyo intro yako ya maneno ya sekunde 40 ya "wagwan DJ" ifikirie upya.

Hata wanaokuahidi kukuweka kwenye pleilisti kwa malipo, muulize wasikilizaji wake wanatoka wapi. Akisita, ondoka.

Mambo yakikwama

Strimu zipo, hela sifuri. Angalia mwezi kwanza, huenda haujafika. Kisha angalia kama kila wimbo umevuka 1,000 Spotify. Kisha angalia kama akaunti ya distribyuta ni yako, maana wengi walipandishiwa na "mshkaji" na hela inaingia kwake. Kama ni hivyo mwombe kwa maandishi ripoti zote, ukiwa na karatasi ya mgawo mkononi.

Namba za apu na za ripoti hazilingani. Kidogo ni kawaida, saa za nchi tofauti na strimu zilizofutwa. Zikipishana sana andikia distribyuta ukitaja ISRC, apu, nchi na mwezi. Ukimwandikia "nimeibiwa" tu utajibiwa na mashine.

Wimbo wako uko kwenye ukurasa wa msanii mwingine mwenye jina kama lako. Omba uhamishwe kupitia distribyuta, na wimbo unaofuata chagua ukurasa wako wakati wa kupandisha, usiache mfumo ukubahatishie.

Kuna mtu anadai video yako YouTube. Soma anadai nini. Kama ni biti, pinga dai hilo na utume leseni yako ya biti. Kama huna leseni, huna kesi, kaa naye mzungumze.

Wimbo umeshushwa ghafla. Tafuta barua pepe ya distribyuta, mara nyingi iko kwenye spamu. Sababu karibu zote ni tatu: ada haijalipwa, strimu bandia, au mtu kalalamika hakimiliki.

Mapato yamepungua na strimu hazijapungua. Rudi hatua ya 7, mfano wa milioni 75. Kisha linganisha nchi mwezi kwa mwezi, na angalia kama umejiunga na Discovery Mode ya Spotify, kule wanakusogeza kwa wasikilizaji wapya ila wanabaki na asilimia 30 ya hela ya rekodi kwa strimu zinazotoka humo.

Ukikwama zaidi ya hapo nitumie ripoti yenyewe, faili lote, na picha ya karatasi ya mgawo. Skrinshoti ya strimu usinitumie, nimeshaziona nyingi.